Kuingiza Mfumo wa Moduli wa Pamoja Katika Ndege ya Kijeshi ya Zamani: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa C-130H

Karibu kila timu inayokwama katika kazi hii hukwama mahali pamoja. Hununua kabati la kompyuta, hupakia programu, huwasha skrini mpya, na juu ya meza kila kitu huonekana kizuri. Mfumo ukishafungwa ndani ya ndege, usomaji wa mwinuko unaruka, dira inazunguka kinyume, au skrini zote zinazimika kwa pamoja pale umeme unapohama kutoka jenereta moja kwenda nyingine. Lawama hutupiwa kompyuta, ilhali mara nyingi kompyuta haina kosa.

Kosa liko mipakani. Katika ndege ya zamani kila kazi ina sanduku lake: sanduku la dira, la data za hewa, la redio. Katika mfumo wa moduli wa pamoja, kazi hizo zinatumia prosesa, kumbukumbu, umeme na mtandao uleule, kila moja ikiwa ndani ya kizigeu chake, yaani chumba cha programu ambacho jirani haruhusiwi kukiingia. Sanduku likiondolewa, kazi yake inabaki, na pamoja nayo inabaki kila ahadi ambayo sanduku hilo lilikuwa limewapa majirani zake bila mtu yeyote kuiandika. Mwongozo huu unahusu namna ya kuzipata ahadi hizo na kuzitimiza.

Mfano wetu ni C-130H, ndege ya usafirishaji yenye injini nne za T56, kwa sababu ina kila aina ya tatizo: saa za sindano (viashiria vinavyoonyesha kwa sindano), ishara za sinkro (zinazopeleka pembe ya mwelekeo kwa nyaya za umeme), nyaya za miaka mingi, na njia ya data ya kidijitali iliyoongezwa baadaye.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Michoro ya nyaya ya ndege yenyewe, kwa namba yake ya mkia, pamoja na kumbukumbu za kila badiliko lililowahi kufanywa.
- Nakala za viwango vya MIL-STD-1553B na ARINC 429 (njia za data), ARINC 653 (ugawaji wa vizigeu), MIL-STD-704 (umeme wa ndege) na MIL-STD-461 (usumbufu wa sumakuumeme), pamoja na DO-178C kwa programu, DO-254 kwa vifaa vya kielektroniki na DO-297 kwa mfumo wa moduli wenyewe. Ndege ya kijeshi huidhinishwa na mamlaka ya kijeshi, lakini mamlaka nyingi hukubali hati hizi za kiraia kama msingi wa ushahidi.
- Kichanganuzi cha njia za data za 1553 na 429, osiloskopu, kipima miliohmu na kifaa cha kuigiza ishara za sinkro.
- Chanzo cha umeme kinachoweza kukata na kurudisha umeme kwa milisekunde unazochagua.
- Maabara ya ujumuishaji yenye masanduku halisi ya zamani, si maigizo ya kompyuta peke yake.
- Mtu mmoja mwenye neno la mwisho juu ya jedwali la usanidi, yaani orodha ya mipangilio ya muda, kumbukumbu na data ya mfumo. Watu wawili wakiwa na ruhusa ya kulibadilisha, ahirisha kazi hadi abaki mmoja.

## Hatua ya 1: Chora ndege iliyopo, si ndege iliyo kwenye karatasi

Fungua paneli na ufuate kila waya unaogusa kazi utakayoihamisha. Andika namba ya waya, pini unapoanzia, pini unapoishia, na kama ngao ya kebo imefungwa kwenye ethi (mwili wa ndege) upande mmoja au pande zote mbili. Piga picha ya kila konekta kabla ya kuigusa.

Sababu ni kwamba ndege iliyoruka miaka 30 imepita mikononi mwa mafundi wengi, na ndege mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana sana ndani. Mpango wa Marekani uliojulikana kama AMP, ambao mkataba wake ulitolewa mwaka 2001 kwa ajili ya kuboresha elektroniki za C-130, ulivuka mwaka 2007 kiwango cha ongezeko la gharama ambacho kisheria lazima Bunge liarifiwe. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba ugumu wa kurekebisha aina mbalimbali za C-130 ulikadiriwa chini ya uhalisia. Mwaka 2012 Jeshi la Anga la Marekani lilipendekeza mpango huo ufutwe.

Tahadhari: usikubali maneno “hii ni sawa na ile tuliyoifanya mwezi uliopita” kutoka kwa mtu ambaye hajafungua paneli.

Umefanikiwa pale ambapo fundi ambaye hakushiriki kazi hii anaweza kuchagua waya wowote kwenye karatasi yako na kuukuta ndani ya ndege, pini kwa pini.

## Hatua ya 2: Andika hati ya miunganisho

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Kwa kila ishara andika inatoka wapi, inakwenda wapi, kipimo chake, kiwango cha chini na cha juu, inakuja mara ngapi kwa sekunde, inaonyeshaje kwamba ni sahihi, na mpokeaji afanye nini ikipotea. Swali hilo la mwisho ndilo huachwa tupu mara nyingi.

Mfano wa neno moja la ARINC 429. Lebo 203 hubeba mwinuko wa shinikizo. Neno lina biti 32, na biti 8 za kwanza ni lebo, yaani utambulisho wa aina ya data, ambayo huandikwa kwa namba za msingi wa nane. Lebo hutumwa ikianza na biti yake kubwa, wakati data inayofuata hutumwa ikianza na biti ndogo. Kwa hiyo 203, ambayo kwa biti ni 10000011, ikisomwa kinyume huwa 11000001, yaani 301. Mwandishi wa programu asiyelijua hilo ataona lebo 301 kwenye kichanganuzi, hatakuta maana yoyote, na ataripoti kwamba kompyuta ya data za hewa ni mbovu. Kompyuta nzima imewahi kung'olewa na kurudishwa kwa kiwanda kwa kosa hili peke yake.

Neno hilohilo lina biti mbili za hali, namba 30 na 31. Kwa data za namba, 11 maana yake ni kazi ya kawaida, 00 ni onyo la hitilafu, 01 ni kwamba hakuna data iliyokokotolewa, na 10 ni majaribio. Saa ya zamani ilipopokea hitilafu iliangusha kibendera mbele ya sindano, na rubani akajua asiiamini. Katika mfumo mpya hakuna kibendera mpaka mtu aandike katika hati kwamba kizigeu cha maonyesho kikipokea 00 kifute namba na kuchora alama nyekundu. Asipoandika, skrini itaendelea kuonyesha thamani ya mwisho, na mwinuko ulioganda ni hatari kuliko skrini tupu.

Angalia pia usichanganye 203 na 204, ambayo ni mwinuko uliorekebishwa kwa shinikizo la mahali. Zikiwa kwenye mpangilio wa kawaida wa shinikizo, namba hizo mbili hulingana, na kosa hujificha hadi siku ya hali tofauti ya hewa.

Mfano wa sinkro. Dira na viashiria vingi vya C-130H hutumia nyaya tatu za sinkro, S1, S2 na S3, pamoja na rejeleo la volti 26 kwa hezi 400. Ukibadilishana S1 na S3 mwelekeo unageuka: 90 husomeka 270. Lakini 0 hubaki 0, na 180 hubaki 180. Fundi anayepima kaskazini na kusini tu ataweka sahihi yake kwenye mfumo uliofungwa kinyume. Pima daima kwa 30, 90 na 240, angalau.

Umefanikiwa pale ambapo hakuna kisanduku tupu katika jedwali, na mwenye kila kifaa ameweka sahihi kwenye mistari inayomhusu.

## Hatua ya 3: Amua kitakachobaki nje

Si kila kitu kinafaa kuingia kabatini. Kiashiria cha dharura cha mkao wa ndege, kasi na mwinuko kibaki peke yake, kikiwa na betri yake na njia yake ya hewa. Makabati mawili yenye prosesa ileile na programu ileile hayakulindi dhidi ya kosa lililo ndani ya programu hiyo, kwa sababu yote mawili yatalikuta kwa wakati mmoja.

Gawa pia kazi kwa awamu ikiwezekana. Baada ya AMP ya kwanza, kazi ya C-130H nchini Marekani iligawanywa mara mbili. Awamu ya kwanza ilishughulikia matakwa ya anga, likiwemo ADS-B Out (ndege kutangaza mahali ilipo), ambalo limekuwa la lazima katika sehemu kubwa ya anga ya nchi hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2020, na awamu ya pili ikaachiwa chumba cha rubani na maonyesho yake. Kwa maoni yangu huo ndio mpangilio wenye busara hata kwa jeshi lenye ndege mbili tu.

## Hatua ya 4: Gawa muda na kumbukumbu

Kiwango cha ARINC 653 hutenga vizigeu kwa nafasi na kwa muda. Kwa nafasi, kitengo cha kusimamia kumbukumbu huzuia programu moja kuandika kwenye eneo la nyingine. Kwa muda, kila kizigeu hupewa dirisha lake ndani ya mzunguko mkuu unaojirudia bila kubadilika. Utengano huu ndio unaoruhusu programu ya daraja A la DO-178C, ambayo ikishindwa inaweza kuangusha ndege, kukaa kwenye prosesa moja na programu ya matengenezo ya daraja la chini.

Tuchukue mfano mdogo:

- Urambazaji: kila milisekunde 20, unahitaji milisekunde 4.
- Maonyesho: kila milisekunde 40, yanahitaji 10.
- Usimamizi wa redio: kila milisekunde 80, unahitaji 6.
- Matengenezo: kila milisekunde 80, yanahitaji 4.

Mzunguko mkuu ni milisekunde 80. Ndani yake urambazaji hufanya kazi mara nne, jumla 16, maonyesho mara mbili, jumla 20, redio 6, matengenezo 4. Jumla kuu ni 46 kati ya 80, yaani asilimia 57.5. Panga hivi: katika 20 za kwanza urambazaji kisha maonyesho, katika 20 za pili urambazaji kisha redio, katika za tatu urambazaji na maonyesho tena, katika za nne urambazaji na matengenezo. Kila mmoja anapata zamu yake na nafasi inabaki.

Sasa mtu akija na programu inayotaka kuendeshwa kila milisekunde 25, mzunguko mkuu utaruka kutoka 80 hadi 400, na jedwali lililokuwa linasomeka kwa jicho litahitaji kurasa. Mwombe akubali 20 au 40. Mara nyingi namba 25 ilitoka kwenye sanduku la zamani na hakuna anayekumbuka sababu yake.

Tahadhari ya kwanza: muda unaoandikwa ni ule mbaya kabisa uliopimwa na kuchambuliwa, si wa wastani. Wastani haujawahi kumsaidia rubani.

Tahadhari ya pili: prosesa ya viini vingi ina hila yake. Viini hugombea kache (kumbukumbu ndogo ya haraka) na njia ya kumbukumbu, hivyo kizigeu kwenye kiini cha kwanza kinaweza kucheleweshwa na kazi ya kiini cha pili hata kama jedwali linaonyesha kwamba havikutani. Kama huna uwezo wa kuthibitisha ukubwa wa mwingiliano huo, zima viini vya ziada na utumie kimoja. Utadharauliwa kidogo kwenye kikao, lakini utamaliza kazi.

Jumlisha pia ucheleweshaji wa njia nzima. Data ikija kila 20, ikasubiri urambazaji wa kila 20, kisha maonyesho ya kila 40, inaweza kumfikia rubani ikiwa na umri wa milisekunde 80 na zaidi, hata kama kila kituo kimetimiza wajibu wake.

Umefanikiwa pale ambapo angalau theluthi ya mzunguko haina mwenyewe, na kila njia kutoka kihisio hadi jicho la rubani ina namba ya ucheleweshaji iliyokubaliwa.

## Hatua ya 5: Pima mzigo wa njia ya data

Njia ya MIL-STD-1553B hubeba megabiti moja kwa sekunde, ikiwa na vituo visivyozidi 31 na kidhibiti kimoja. Kila neno huchukua mikrosekunde 20. Ujumbe wa maneno 32 kutoka kwa kidhibiti hadi kituo una neno la amri (20), data (640), kusubiri jibu (hadi 12) na neno la hali (20). Ukiongeza pengo kati ya jumbe, unapata takriban mikrosekunde 700. Ukitumwa mara 50 kwa sekunde, ujumbe huo mmoja unakula asilimia 3.5 ya njia, na kumi za namna hiyo zinakula 35. Mimi husimama kwenye asilimia 60, kwa sababu majaribio ya kurudia ujumbe ulioshindwa nayo yanahitaji nafasi.

Kabati jipya kwa kawaida huwa ndilo kidhibiti. Hakikisha kompyuta ya zamani ya urambazaji imeondolewa au imegeuzwa kuwa kituo, maana vidhibiti viwili vikizungumza pamoja hakuna anayesikika.

Kwenye kila mwisho wa njia lazima pawe na rizista inayolingana na kebo, kwa kawaida ohmu 78. Usiitafute kwa multimita pekee: kila kiungio cha transfoma (kinachounganisha kituo na njia) huweka njia yake ya takriban ohmu 117 kati ya nyaya mbili, na usomaji utakudanganya. Tazama wimbi kwa osiloskopu. Wimbi zuri lina mabega yaliyonyooka; mwangwi baada ya kila mpito ni dalili ya rizista iliyosahaulika au mchepuko (tawi la waya kutoka njia kuu) uliozidi mita 6.

## Hatua ya 6: Umeme, joto na ethi

MIL-STD-704 inaruhusu umeme ukatike hadi milisekunde 50 wakati wa kuhamisha chanzo. Sindano ya zamani ilitikisika tu, lakini kompyuta isiyo na akiba ya umeme itajiwasha upya, na kujiwasha kunaweza kuchukua dakika nzima. Kata umeme kwa milisekunde 50 mara mia moja mfululizo ukiwa maabara. Ikijizima hata mara moja, usiendelee.

Kabati lifungwe kwenye chuma kitupu. Rangi ya rafu ikwanguliwe, sehemu ipakwe kinga ya kutu, na ukinzani kati ya kabati na mwili wa ndege usizidi miliohmu 2.5. Nimeona skrini zikimetameta kila redio inaporusha, siku tatu za kutafuta, na chanzo kikawa duara la rangi ya kijivu lenye upana wa sarafu chini ya boliti moja.

Moduli zinazopoozwa kwa mgusano hutegemea kabari za pembeni kukazwa kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Kabari iliyolegea haionekani kwa macho. Huonekana kwenye joto la prosesa baada ya saa moja.

## Hatua ya 7: Uvunje mfumo ukiwa maabara

Katika mpangilio wa DO-297, moduli hukubaliwa kwanza peke yake, kisha kila programu, kisha mfumo mzima, ndipo ndege. Fuata utaratibu huo hata kama ratiba inakusukuma, kwa sababu hitilafu iliyoonekana kwenye mfumo mzima ina washukiwa wengi, na ile iliyoonekana kwenye moduli ina mmoja.

Kisha fanya ubaya kwa makusudi. Iandikie programu ya matengenezo mzunguko usioisha. Tuma lebo 203 yenye hali 00, halafu acha kuituma kabisa. Chomoa kebo ya njia A ya 1553 na uone kama pacha wake, njia B, inachukua kazi. Zima kabati moja wakati rubani wa majaribio anafuatilia mkao wa ndege kwenye skrini.

Umefanikiwa pale ambapo kizigeu kilichokwama kinaanzishwa upya na msimamizi wa afya ya mfumo, tukio linaandikwa, na urambazaji haujakosa hata dirisha moja.

## Hatua ya 8: Ufungaji ndani ya ndege

Tenga nyaya za umeme mkubwa na nyaya za ishara. Andika kila kebo pande zote mbili. Hesabu zana na vipande vya waya kabla ya kufunga paneli, kisha pima upya uzito na mizani ya ndege, kwa sababu masanduku uliyoyaondoa yalikuwa mazito na hayakukaa mahali kabati linapokaa.

## Hatua ya 9: Majaribio ardhini na angani

Toa ndege nje ya hanga, kwa kuwa kuta za chuma hurudisha mawimbi na kuharibu matokeo. Tumia jenereta za ndege, si gari la umeme la ardhini, ambalo umeme wake ni safi kupita kiasi. Tengeneza jedwali lenye vyanzo vya usumbufu upande mmoja na waathirika upande mwingine, kisha uviwashe kimoja kimoja. Redio ya HF (redio ya mawasiliano ya mbali) ianze, ikirushwa kwenye masafa mengi, huku mtu mmoja akitazama GPS, mwingine skrini, na mwingine rubani-otomatiki.

Pima pia kuhama kwa umeme kutoka jenereta moja kwenda nyingine injini zikiwa zinawaka. Skrini zisipepese.

Safari ya kwanza iwe mchana, kukiwa na hewa safi, na viashiria vya dharura vikiwa tayari vimehakikiwa. Linganisha mwinuko, kasi na dira za mfumo mpya na za viashiria hivyo kwenye miinuko kadhaa, ukigeuka kushoto na kulia kwa duara kamili, ndipo uingie kwenye majaribio ya mawingu na usiku.

Matokeo yakikubalika, fungia jedwali la usanidi, lipe namba, na uweke nakala moja ndani ya kabati la ndege na nyingine ofisini. Ndege ya pili ikiingia hangani, usinakili jedwali hilo moja kwa moja. Fungua paneli zake na uanze Hatua ya 1.